Juu ya Nyuzi Thelathini na Moja

Fundi alikuwa amelala kifudifudi juu ya boya, mkono wa kulia umezama baharini hadi begani, akikaza skrubu ya mwisho kwa ncha za vidole kwa sababu bisibisi haikufika. Mashua ya kazi ilikuwa imefungwa ubavuni kwa kamba mbili. Kila iliposhuka iligonga boya, na kila ilipogonga, meno yake yaligongana. Kipimajoto alichokitoa kilikuwa ndani ya mkoba wake, kimefungwa kikaratasi chekundu kilichoandikwa KIBOVU. Alichokuwa akikifunga kilikuwa kipya, kimetoka kwenye boksi asubuhi ileile.

Alipomaliza aliunganisha waya, akahesabu dakika tano kwa saa ya mkononi, kisha akasoma kwenye kioo kidogo chini ya kifuniko: nyuzi thelathini na moja na pointi sita. Kile kibovu kilikuwa kimesema hivyohivyo kwa wiki tatu.

Alishusha ndoo kwa kamba, akachota maji, akatumbukiza kipimajoto cha kioo, cha zamani, ambacho hakikuwa na waya wala betri. Akasubiri tena dakika tano. Thelathini na moja na nusu na ushei.

"Shemeji," Nahodha aliita kutoka mashuani, "umeshafunga?"

"Nimefunga."

"Basi twende. Wimbi limebadilika."

Nahodha alikuwa amemwoa mdogo wake Fundi, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akimpeleka shemeji yake kwenye maboya ya hali ya hewa na kumrudisha. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kurudia neno. Mara hii alirudia. Alimwonyesha mawimbi marefu yenye mgongo laini yaliyokuwa yakija kutoka mashariki bila upepo wowote, moja baada ya jingine, mapana kama barabara. Kitu kikubwa kilikuwa kinasukuma huko mbele, alisema, na hakikuwa kile walichotangaziwa alfajiri.

Alfajiri walitangaziwa mvua. Mgandamizo mdogo wa hewa ulikuwa maili mia moja na hamsini kutoka pwani, ukienda polepole, na ofisi ya hali ya hewa ilisema utakufa wenyewe kwa sababu bahari haikuwa na joto la kuulisha. Ofisi ilijuaje joto la bahari? Kwa boya hili. Ila kompyuta ya ofisi ilikuwa na kanuni: namba yoyote iliyozidi thelathini na moja ilihesabiwa kuwa kosa la kifaa. Iliitupa kapuni, ikaweka mahali pake wastani wa mwezi ule kwa miaka iliyopita, yaani ishirini na nane na pointi tisa. Watabiri walisoma hiyo ishirini na nane na pointi tisa, wakalala. Kisha fomu ikatoka yenyewe: nendeni mkabadilishe kipimajoto.

Fundi alipanda mashuani akachukua simu ya upepo. Alimweleza mkuu wa zamu, taratibu, kwamba vipimo vitatu vimekubaliana, kwamba kifaa ni kizima, kwamba namba ile iingizwe kwa mkono na wapewe watabiri. Mkuu wa zamu alimsikiliza vizuri. Kisha akasema mfumo haumruhusu kuingiza namba kwa mkono wakati fomu ya matengenezo iko wazi, na fomu haifungwi mpaka boya litume namba inayokubalika.

"Haitatuma namba inayokubalika," Fundi alisema. "Kifaa kizima. Bahari ndiyo mbovu."

"Basi subiri saa ijayo, tuone ikituma tena."

Na Fundi akasubiri. Hilo ndilo kosa lake la siku ile, na hakuna mwingine ambaye angelifanya. Mtu wa kawaida angeondoka na hasira zake. Yeye alikuwa mtu wa kupima mara tatu, aliyejifundisha kazi kwa vitabu vya kuazima, na aliona haifai kuondoka na jambo ambalo halijathibitishwa. Boya lilituma saa tano. Namba ikatupwa. Akaomba saa moja zaidi, afungue na kufunga upya, huenda waya una chumvi.

"Hata chai yako unaipima mara tatu?" Spana alimuuliza. Spana alikuwa makanika wa mashua, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata kwenye picha ya familia alikuwa na spana mfukoni. Alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa injini, akitazama mashariki. "Maana huko naona weusi, Fundi. Na huo sijaupima."

Saa sita ilipotuma na kutupwa tena, upepo ulikuwa umeanza kung'oa povu juu ya mawimbi. Nahodha hakumngoja mtu. Alitangaza kwenye simu kwamba anaondoka, kwamba mlango wa bandari ya nyumbani hautapitika kwa mawimbi ya mashariki, hivyo anaelekea bandari ndogo ya kusini. Ofisi ikajibu kwamba imepokea. Ilikuwa mara ya mwisho kusikia sauti ya ofisi.

Walifungua kamba ya tezi, ile ya nyuma, kwanza. Wimbi likaisukuma mashua mbele, kamba ikazama, na Nahodha alipotia moto kidogo tu kujinasua, pangaboi iliimeza. Mashine ilikoroma ikazima. Spana aliiwasha, ikazima. Aliruka chini, wakasikia akipiga kitu na kukitukana, kisha akapanda na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba kamba imejisokota hadi kwenye ekseli na maji yanaingia pale ekseli inapotokea nje.

Mashua sasa ilishikwa na kamba moja ya omo, ile ya mbele, ikizunguka boya na kulipiga kama mtu anayebisha mlango kwa ubavu. Walijaribu mambo kwa mpangilio, jinsi walivyofundishwa. Pampu ilifanya kazi nusu saa. Kifaa cha kuita msaada, kile cha rangi ya machungwa, kiliwashwa na hakikuwaka. Betri yake ilipitwa na wakati miaka miwili nyuma, na Nahodha alikuwa ameandika mara tatu kuomba nyingine. Mlingoti wa simu ulikatika saa nane. Boti la mpira lilijifungua vizuri kabisa, likajaa upepo, likapaa juu ya mawimbi kama mfuko wa nailoni, likaenda zake na chakula chote kilichokuwamo.

Boya lilikuwa na upana wa mita tatu, limejaa povu gumu ndani, limefungwa chini kwa mnyororo na nanga ya zege. Halikujengwa libebe watu. Lakini lilikuwa halizami.

Spana alivuka kwanza, akiwa na dumu la maji la lita tano na mfuko wa vyombo vyake. Fundi alifuata. Alikuwa na mguu mmoja kila upande wimbi lilipoinua mashua, na angebanwa kiunoni kama Nahodha asingemsukuma kwa mikono yote miwili. Fundi aliangukia kwenye mlingoti wa boya. Aligeuka akaona mguu wa kushoto wa shemeji yake uko kati ya chuma na chuma. Hakikusikika chochote, upepo ulikuwa umeshakula sauti zote. Aliona tu mdomo wa Nahodha ukifunguka.

Walimvuta wakamfunga kwenye mlingoti kwa mikanda ya kazi. Spana alikata kamba ya omo kwa msumeno wa chuma, mashua ikateleza nyuma, ikainamisha tezi, ikazama bila haraka. Miaka ishirini na miwili. Nahodha aliitazama mpaka rangi yake ilipopotea chini ya maji.

Usiku wenyewe hauna cha kusimulia. Maji yaliwapitia juu, wakashika pumzi, yalipopungua, wakavuta. Walifanya hivyo hadi kulipokucha. Kitovu cha kimbunga kilipita kaskazini yao, na hiyo ndiyo sababu pekee ya wao kuwa hai.

*

Asubuhi bahari ilikuwa ya rangi ya majivu. Mawimbi yalikuwa bado makubwa lakini hayavunjiki. Fundi aliangalia mguu wa Nahodha: muundi umevunjika mahali pawili, ngozi imepasuka, kisigino kimegeuka upande usio wake. Walitengeneza magango kwa mabati mawili ya paneli ya sola iliyopasuka, wakafunga kwa mkanda wa umeme. Nahodha alitafuna ukosi wa shati lake mpaka walipomaliza. Maji ya dumu, yaliyokuwa yamevuja usiku yakabaki lita mbili hivi, waligawa kwa kifuniko cha chupa, vifuniko vinne kila mtu, na mgonjwa sita.

Kisha Spana akaanza kusema. Alisema vimbunga vya siku hizi ni vingi kuliko vya zamani, kila mtu anaona, watu wazima mtaani kwao wanasema hawakukua hivi, na ofisi kila mwaka inatoa tangazo kwamba hakuna kilichobadilika.

"Havijawa vingi," Fundi alisema.

Spana alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Idadi ni ileile, miaka mingine inapungua," Fundi aliendelea, kwa sauti yake ndogo. "Nimehesabu mwenyewe. Kinachosemwa na wanaojua ni kwamba vile vikubwa ndivyo vinavyozidi, na vinakua haraka. Jana asubuhi ilikuwa mvua. Sisi kwenye kumbukumbu zetu hatukukiona hicho, kwa sababu chakula cha kimbunga ni joto la bahari, na joto lenyewe hatuku..."

Alitazama kioo cha boya.

"Malizia," Nahodha alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu magango.

"Hatukulipima. Tulilipima, tukalitupa."

"Nani aliweka hiyo thelathini na moja?"

Wimbi liliwainua na kuwashusha. Fundi alikuwa na muda wa kusema ni ofisi, na isingekuwa uongo. Karatasi ilitiwa sahihi na mkurugenzi.

"Mimi," alisema. "Miaka kumi na tisa iliyopita. Betri mbovu ilituma thelathini na nne, watu wakatangaziwa hatari, mji mzima ukakimbia bure. Nikaambiwa nitafute mpaka. Kumbukumbu zote za nyuma hazikuwa zimepita thelathini na pointi mbili. Nikaweka thelathini na moja, nikaona nimeacha nafasi ya kutosha."

"Na baadaye?"

"Baadaye vipimajoto vikaanza kuharibika. Mwaka wa kwanza kimoja. Mwaka juzi vinne. Mwaka jana sita. Nilidhani vinavyotengenezwa siku hizi havidumu. Niliwaandikia kiwandani kulalamika."

Spana alicheka, kicheko kikavu kilichomwishia kwenye kikohozi. Nahodha hakucheka. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa, na Fundi, aliyemjua tangu siku alipokuja kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, hakuwahi kumwona hivyo.

"Mara sita nimekuleta hapa mwaka jana," Nahodha alisema. "Mara sita maji ya moto yanaosha mikono yako, na wewe unatukana kifaa. Mimi sikusoma, shemeji. Mimi naendesha mashua. Ningekuwa mimi ndiye niliyetia mkono, ningesema maji yana joto, basi. Lakini nani angeniuliza?"

Fundi alitia mkono majini, akautoa.

Ilipofika saa nne jua liliwaka, na mguu ukaanza kunuka. Nahodha alikuwa na homa; alitaja jina la utani la mkewe mara mbili, akauliza kama madirisha yamefungwa. Maji yalibaki chini ya lita mbili. Hakuna ndege iliyopita. Fundi alikwenda hatua kwa hatua kichwani. Ofisi inajua waliondoka hapa saa sita kwenda bandari ndogo ya kusini. Kama kuna anayewatafuta, anawatafuta kusini. Kwa kimbunga cha namna ile, huenda hakuna anayetafuta, kila chombo kiko mitaani kinavua watu kwenye mapaa.

"Hili dude si linaongea na ofisi kila saa?" Spana alisema. "Liambie liseme tupo."

"Linasema namba tu. Nikichezea namba, zikiwa za ajabu, kompyuta itazitupa. Itatoa fomu ya kubadilisha kifaa."

"Hakuna hata namba moja ambayo hawaruhusiwi kuitupa?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Spana alimgusa bega kuona kama amezimia.

Ilikuwapo moja. Boya lilituma pia mahali lilipo. Likitoka nje ya duara la nusu maili, kengele ililia mezani kwa mkuu wa zamu na kwa mkurugenzi kwa pamoja, na haikuzimika mpaka mtu aandike jina lake na chombo kilichotumwa kulifuata. Boya lilikuwa mali. Lilikuwa na namba ya mali ubavuni, kwa rangi nyeupe. Mgandamizo wa hewa ukishuka, watasema kifaa kibovu. Bahari ikichemka, kifaa kibovu. Lakini mali ikipotea, mtu atainuka kwenye kiti.

Alipowaeleza, Nahodha alitikisa kichwa, macho yakiwa mekundu. Aliyepotea hatoki alipo, alisema. Hilo hata mtoto anafundishwa. Nanga hii ndiyo iliyowaweka hai. Mkondo unaenda kusini-mashariki, kwenye bahari tupu. Wakikata na kengele isilie, wamejizika wenyewe.

"Unao uhakika gani?" aliuliza.

"Kengele niliijaribu mwezi uliopita. Ililia."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Kitu kilimpita Nahodha usoni, na hakikuwa msamaha.

"Basi hiyo kupima mara tatu yako ituokoe leo. Kwa mara ya kwanza."

Pingu ya chuma iliyounganisha boya na mnyororo ilikuwa mita mbili chini ya maji. Spana alivua viatu, akajifunga kamba kiunoni, akampa Fundi ncha yake. Alizama mara ya kwanza akarudi na habari: pini ipo, imefunikwa na kome, wembe mtupu. Alizama mara ya pili na nyundo. Mara ya tatu na koleo. Fundi alihesabu kwa sauti kila alipozama, akamvuta kila alipofika arobaini, na kila alipomvuta mikono ya Spana ilikuwa na michaniko mipya. Kati ya mizamo alilala juu ya boya akihema, akisema mambo kuhusu ofisi ambayo hayaandikiki. Mara ya tisa hakutumia nyundo. Alitumia spana yake kubwa, akaikaza kwenye kichwa cha pini, na aliporudi juu hakuwa nayo. Ilikwenda na mnyororo.

"Limeachia," alisema.

Hawakuhisi kitu. Baada ya robo saa hivi Fundi aliona kamba za mwani uliokuwa ukiwapita sasa zinasafiri nao sambamba.

Mchana ule na usiku ule walielea. Maji yaliisha alfajiri. Spana alimfunika Nahodha kwa jaketi lake na kumsimulia kwa mpangilio jinsi ya kufungua injini na kuifunga, skrubu kwa skrubu, ili asilale. Alipokosea kwa makusudi, Nahodha alimsahihisha, na alipoacha kusahihisha Spana alimpiga kofi. Kila saa, kioo kilipowaka na boya lilipotuma, Fundi alisoma kwa sauti. Thelathini na pointi nane. Bahari ilikuwa imepoa kidogo kwa sababu kimbunga kilikuwa kimekula. Ilikuwa namba ya kwanza inayokubalika kwa wiki tatu.

Tagi, meli ndogo ya kuvuta vyombo, ilionekana saa tatu asubuhi, ikija moja kwa moja, winchi yake imeshaning'inizwa nje. Mwanamume mwenye kofia alisimama omo akiwa na karatasi kwenye ubao. Ilipofika hatua hamsini akawaona, akashusha ubao, akaupandisha tena, akasoma.

"Hilo ni boya namba saba?"

"Ndilo," Spana alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Na lina watu. Au hao hawamo kwenye karatasi yako?"

Mwanamume yule alipiga kelele kwa wenzake waondoe ndoano, walete machela. Baadaye, walipokuwa wamemlaza Nahodha na kumtundikia maji, alikaa karibu na Fundi akarudia mara kadhaa kwamba waliambiwa boya, kaka, waliambiwa boya tu. Fundi alimwambia anaelewa, na kwamba angefanya vilevile.

*

Mguu ulikatwa chini ya goti jioni ileile. Hospitali ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi. Watu wamelala juu ya milango iliyong'olewa, na sakafu ilinuka matope na dawa. Mdogo wake Fundi alimkuta kwenye korido. Alikuwa hai, na alama ya maji ilikuwa imemfika kifuani kwenye gauni, hajapata la kubadilisha. Alimsimulia kwamba kipaza sauti kilipita asubuhi kikisema ni mvua, watu wakae ndani. Saa tisa kikapita tena kikisema kimbunga, watu watoke. Saa kumi na moja bahari ilikuwa jikoni. Mtaa wa chini walikuwa wamekufa kumi na wanne, na jirani yao mshona viatu alikuwa miongoni mwao, kwa sababu alikuwa mtu wa kutii matangazo.

Hakumlaumu. Hakuwa amejua bado. Fundi alimwambia palepale, amesimama, bila kukaa, tangu betri mbovu ya miaka kumi na tisa mpaka pini ya mnyororo. Mdogo wake alisikiliza, akachukua mkoba wake, akaingia wodini kwa mumewe. Siku nne hakumwita kaka.

Siku ya tano Nahodha aliomba aje. Alikuwa amekonda usoni, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa.

"Mguu nimeshausamehe," alisema. "Nilikusukuma kwa hiari yangu. Ila hiyo thelathini na moja, shemeji, bado. Sijui kama nitaweza."

"Sijaomba."

"Vizuri. Usiombe. Nenda ukaifute."

Ofisini maji yalikuwa yameacha mstari wa kahawia kwenye kuta, juu kidogo ya meza. Mkurugenzi alikuwa amesimama juu ya tofali akizungumza kwa simu. Watu wa magazeti walikuwa wameuliza swali lilelile la kila mwaka, kama vimbunga vinaongezeka idadi na nguvu, naye alitaka Fundi aandike ile sentensi ya kila mwaka, kwamba kumbukumbu za kituo hazionyeshi mabadiliko. Ni kweli kitaalamu, alisema. Hazionyeshi.

Fundi hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti katika jengo lile, na mkurugenzi baadaye alisema angependelea angepaza.

"Hazionyeshi kwa sababu tulizitoa macho," alisema. "Mimi nilishika kisu, wewe ulishika taa. Idadi nitakuandikia leo: haijaongezeka. Nguvu siwezi kukuandikia ndiyo wala hapana, maana ushahidi tuliutupa, na huo ushahidi haukuuliwa na maji. Upo kapuni mwa kompyuta, miaka kumi na tisa. Waambie hivyo. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi, na nitawaambia majina ya kumi na wanne."

Akamwacha na simu yake.

Kanuni ya thelathini na moja angeifuta umeme ukirudi, lakini namba za kapuni zisingeweza kurudishwa hivihivi. Labda baadhi zilikuwa kweli za betri mbovu. Kabla ya kuamini namba ilibidi kujua kama kifaa kilichoisema kilikuwa kizima. Stoo, kwenye rafu ya juu kabisa ambayo maji hayakuifika, palikuwa na vipimajoto thelathini na vinane, kila kimoja na kikaratasi chekundu, tarehe, na mwandiko wa Fundi.

Spana alikuja saa sita, mikono yake yote miwili imefungwa bandeji, akauliza kazi. Alisema mashua hana, injini hana, na spana yake iko chini ya bahari, kwa hiyo yuko huru. Wakaweka ndoo mbili za maji juu ya meza iliyotitia, moja ya baridi, moja ya maji waliyoyachemsha jikoni kwa walinzi wakayapoza kwa kipimo, pamoja na kipimajoto kingine cha kioo walichoazima chuoni. Fundi alitumbukiza. Spana aliangalia saa. Dakika tano. Fundi alisoma kwa sauti, Spana akaandika kwa kalamu aliyoibana kati ya vidole viwili vilivyobaki nje ya bandeji.

Cha kwanza: kizima. Cha pili: kizima. Cha tatu kilikufa kweli, waya umeoza, na Fundi alikishika kwa muda mrefu kuliko vingine vyote, karibu kwa shukrani. Cha nne, kizima. Cha tano. Cha sita. Kila alipothibitisha, alikata uzi wa kikaratasi chekundu, akaitazama tarehe, na kwa kila tarehe Spana alitafuta kwenye daftari la zamani ni kimbunga gani kilikuja baada ya hapo, akakiandika pembeni. Walipofika cha kumi na moja aliacha kusoma majina ya vimbunga kwa sauti, akawa anaandika tu.

Mara mbili mkurugenzi alisimama mlangoni, akaondoka.

Saa kumi na mbili kasoro mwanga wa dirishani ulikuwa haumtoshi kusoma mistari ya kioo, na umeme ulikuwa haujarudi. Spana alisema wanaweza kuwasha tochi. Fundi alikataa, kwa tochi mtu anaweza kukosea nusu nyuzi, na hapa hapakuwa na nusu ya kupoteza. Alifuta vile vilivyopimwa akavipanga kulia, kumi na saba, kumi na sita vizima. Kushoto vilibaki ishirini na kimoja, na vikaratasi vyao.

"Kesho saa ngapi?" Spana aliuliza.

"Saa moja. Njoo na maji, ya bomba la hapa yana matope."

Alimwaga ndoo zote mbili nje ya mlango, akaziinamisha zikauke.